Tulihama, Barabara Ikabaki Palepale

Nyumba yenye upepo wa bahari, watoto wanacheza mchangani, mume anarudi kazini kabla ya magharibi. Mhariri wetu aliihamisha familia yake kutoka Mjini kwenda Makunduchi. Hizi hapa ni zile hesabu ambazo hakuna aliyemwambia azipige mapema.

Niambie kama hujawahi kuyasikia haya. Ni Jumapili jioni, mnatoka pwani, watoto wamelala kiti cha nyuma miguu imejaa mchanga, na mmoja wenu anasema: "Hivi kwa nini tusihamie huku moja kwa moja?" Mwenzake anacheka. Kisha kicheko kinakwisha, mnanyamaza, kila mmoja anapiga hesabu zake kimoyomoyo.

Kwetu sisi maneno hayo yalitoka pale njia panda ya Kitogani, ambapo mtu anayetoka Mjini akikata kushoto anakwenda Paje na Jambiani, na akishika ya kulia anakwenda Muyuni, Kizimkazi na Makunduchi. Aliyesema ni mimi. Nataka hilo lijulikane mapema, kwa sababu huko mbele nitalalamika sana na utadhani nilifungwa kamba nikapelekwa.

Hali yetu ilikuwa hivi. Mimi kazi yangu ni gazeti hili, ofisi iko Mjini. Mume wangu ni mhasibu katika hoteli moja ya pwani ya kusini mashariki. Tulipanga nyumba ndogo karibu na Michenzani, kodi ya mwaka mzima unalipa mkupuo, na kila mwaka mwenye nyumba anakumbuka kwamba vitu vimepanda bei. Mume wangu alikuwa analala nyumba za wafanyakazi siku nne kwa wiki. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa na miaka mitano, wa pili mwaka na nusu. Huyu wa pili alikuwa akimwona baba yake anaingia mlangoni, anajificha nyuma ya gauni langu. Kama una mtoto unajua hiyo inavyochoma. Baba mtu alikuwa anacheka mbele yetu, halafu anakwenda kukaa barazani peke yake.

Makunduchi ni kwao. Kiwanja kipo cha ukoo, mama yake yupo, na kazini kwake ni mwendo mfupi tu kwa pikipiki. Hesabu ilionekana rahisi kuliko hesabu zote nilizowahi kuona.

Mama yangu mzazi hakuiafiki. "Unampeleka mtoto shamba?" Kwa wasomaji wetu wa bara: kwa mtu wa Mjini, kila kilichopita Mwanakwerekwe ni shamba, hata kikiwa na ghorofa. Na Makunduchi ghorofa inazo, yale majumba ya maendeleo yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, yana ngazi na roshani na kamba za kuanikia nguo kama yale ya Michenzani. Kuna hospitali, shule, polisi, posta. Jimbo la Makunduchi lilimpeleka bungeni Samia Suluhu Hassan mwaka 2010, na baadaye ndiye akawa Rais wa nchi. Nilimtajia mama yangu yote hayo. Akaniuliza: "Na wewe utashonesha wapi?"

Tulihama Julai 2022.

Tulipokezana adhabu

Miezi miwili ya kwanza ilikuwa asali, sitadanganya. Nyumba ilikuwa vyumba viwili vilivyokamilika na kimoja bado. Asubuhi jua linatoka baharini, kwa sababu sisi tuko upande wa mashariki. Mtoto mkubwa aliacha kuomba katuni wiki ya pili tu. Mdogo akaanza kumkimbilia baba yake mlangoni. Kwa hilo peke yake ningehama tena kesho.

Likizo yangu ikaisha, nikaanza kupanda gari namba 310.

Kutoka Makunduchi mpaka Mjini ni kama kilomita 60. Kwenye ramani si kitu. Lakini daladala haisafiri kwenye ramani. Inasimama Muyuni kuchukua mama mwenye tenga la pweza, inasimama Kitogani, inapunguza mwendo Jozani kwenye matuta yaliyowekwa ili kima punju wasikanyagwe (kima hao hawapatikani popote duniani isipokuwa Zanzibar, kwa hiyo siwasemi vibaya, ila nao wana dharau za kuvuka), halafu inaingia Tunguu kwenye wanafunzi wa chuo, halafu foleni ya Mwanakwerekwe. Saa moja na nusu siku nzuri. Saa mbili siku ya mvua.

Zidisha. Saa moja na nusu kwenda, moja na nusu kurudi, siku tano: ni saa 15 kwa wiki. Ni kama siku mbili za kazi nilizokuwa nafanya ndani ya gari, bila mshahara, goti la mtu likiwa mbavuni. Nilikuwa natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri watoto wamelala. Siku za kufunga toleo nilikuwa narudi saa tatu usiku, watoto wamelala tena.

Usiku mmoja nikiwa jikoni napasha chakula ndipo nikaona kilichotokea. Ile barabara iliyokuwa inatutenganisha bado ilikuwepo, na urefu wake ni uleule. Zamani alikuwa anaikosa nyumba yeye, sasa naikosa mimi. Tulikuwa tumepokezana adhabu na kuiita maendeleo.

Nilimwambia. Akajibu jambo ambalo wanaume wengi wazuri hulijibu: "Lakini si ulitaka mwenyewe?"

Kweli nilitaka. Lakini kutaka si kujua. Na wenzangu mnaofikiria kuhamia nje ya mji, iwe Makunduchi, iwe Fumba, iwe Kigamboni kwa wa Dar, hebu fanyeni kitu kimoja ambacho sisi hatukukifanya. Kabla ya kuuza kabati, yule atakayekuwa mbali na kazi asafiri hiyo njia wiki mbili mfululizo, saa zilezile za kazi, kwa usafiri uleule atakaoutumia. Asiende na gari ya shemeji siku ya Jumapili. Wiki mbili. Kisha ndiyo mkae mzungumze.

Bibi si yaya

Hapa ndipo ninapoona haya kidogo.

Mjini nilikuwa na binti wa kunisaidia kazi. Tulipohama hakutaka kufuatana nasi, na mimi nikasema, kimya kimya, bila kumuuliza mhusika: si yupo bibi yao?

Mama mkwe wangu analima mwani. Zao hilo lilianza pwani hii ya mashariki mwaka 1989, na wanaolilima ni wanawake hasa. Mimi mtu wa Mjini nilidhani mwani ni kitu cha kwenda ukipata nafasi. Kumbe mwani una saa zake kuliko ofisi yoyote. Wakati wa bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari inakupwa mbali sana, na hapo ndipo wanaingia kufunga mbegu kwenye kamba kwa taitai, kuvuna, kubadilisha kamba zilizokatika. Maji yanakauka kuanzia kama saa nne asubuhi, na ukiyakosa siku hizo chache unasubiri bamvua lijalo. Maji mafu yakija shamba limefunikwa, hufanyi kitu.

Sasa weka kalenda ya gazeti juu ya kalenda ya mwezi. Kuna miezi wiki yetu ya kufunga toleo iliangukia bamvuani barabara. Mimi Mjini nahariri habari ya "Siri Kumi za Mama Anayefanya Kazi", bibi nyumbani na wajukuu wawili, na shamba lake la mwani liko wazi, kamba zinapigwa na jua.

Hakusema neno. Ni wifi yangu aliyenieleza, na hakunieleza kwa upole: "Wifi, mama bamvua la tatu hili hajashuka pwani. Mwani wake unaota majani mengine. Wewe unalipwa, yeye nani anamlipa?"

Nilikosa jibu. Nilikuwa nimejiona mimi ndiye ninayelipia kuhama kwetu kwa zile saa 15. Kumbe kulikuwa na mwingine analipa kimya kimya, na yeye hata pale Kitogani hakuwepo.

Juu ya hilo, mtoto mdogo alikuwa ameanza kumwita bibi yake "mama". Mkubwa naye alikuwa anazungumza na wenzake Kimakunduchi, ile lahaja wanayoiita wenyewe Kikae, ambayo vitenzi vyake vinamalizikia irabu tofauti kabisa na tulizozoea. Jioni moja aliniambia kitu kwa furaha kubwa, nikamwambia rudia, akarudia, sikukifahamu. Akanitazama kama anavyotazamwa mgeni. Mtoto niliyemzaa mimi! Mume wangu alicheka mpaka machozi, halafu alipoona yangu si ya kucheka akanyamaza. Wiki ile alininunulia Kamusi la Lahaja ya Kimakunduchi, lile lililotolewa na BAKIZA mwaka 2012. Ni zawadi ya ajabu kumpa mke, lakini nilishaolewa na mhasibu, nilitegemea nini.

Tulichofanya kuhusu bibi ni hiki. Mume wangu alikwenda kwa bosi wake na kalenda ya mwezi mkononi, akaomba zamu za jioni siku za bamvua na za asubuhi siku za maji mafu. Bosi alicheka, lakini akakubali, maana na wafanyakazi wengine pale wana mama zao wanaolima mwani. Siku za bamvua asubuhi baba yuko na watoto. Mimi nilikubaliana na ofisi nifanye siku tatu kutoka nyumbani na mbili Mjini, Jumanne na Jumatano, na usiku wa katikati nalala kwa mama yangu Ng'ambo. Nilipoliomba hilo nilikuwa nimeshaandika barua ya kuacha kazi mfukoni. Sikuitoa. Intaneti ninatumia ya simu, bando linaisha kama maji ya mtungi uliotoboka, lakini kazi inakwenda.

Na bibi tunamlipa. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu mume wangu alimwambia kuwa si malipo, ni fidia ya kamba zilizokatika. Hiyo akaipokea.

Chumvi

Nipite haraka kwenye mambo ya nyumba, kwa sababu mafundi watawaeleza kuliko mimi. Chumvi ya bahari haichagui. Bawaba za milango za chuma cha kawaida zilianza kulia mwezi wa tatu. Friji iliota kutu kwa chini. Kusi linapovuma, tangu Juni mpaka Septemba, upande wetu ndio unaopigwa uso kwa uso, na nguo ukianika usiku asubuhi unazikuta na unyevunyevu wa chumvi. Visima vya karibu na pwani maji yake mengi yana chumvi, kwa hiyo kabla ya kuchagua kiwanja onja maji kwanza, usiangalie mandhari. Umeme tunanunua wa Tukuza kama Mjini tu. Mama mkwe bado anaweka kandili na mafuta ya taa tayari, kwa sababu anaikumbuka ile miezi mitatu kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika na Unguja nzima ikawa kizani. Waya mpya ulianza kutumika mwaka 2013. Kandili yake haijatoka pale dirishani.

Nyumba ya nani?

Msomaji mmoja wa kike aliwahi kuniuliza mbona wanawake wa magazetini tunaandika rangi za mapazia, hatuandiki hati. Nikacheka wakati ule. Baadaye nikawa nimekaa kwenye chumba cha tatu ambacho hakijaisha, na mkononi nina risiti za matofali, mabati na milango miwili, zote zimetoka kwenye mshahara wangu. Kiwanja ni cha ukoo wa mume wangu.

Zanzibar ardhi ni mali ya umma. Sheria ya Matumizi ya Ardhi, Namba 12 ya 1992, inampa mtu haki ya kuitumia, na vilivyo juu yake, nyumba na miti, ndivyo mtu anavyosema "vyangu". Kwenye ardhi ya ukoo kuna tabaka jingine: mjomba ana neno, shangazi ana neno, na mpaka ni mnazi uliokufa zamani ambao wote wanaukumbuka isipokuwa wewe. Mgeni anayenunua kwa dalali bila kufika kwa sheha na Kamisheni ya Ardhi anajitafutia maradhi. Na mke anayejenga kwa wakwe bila karatasi anajenga kwa imani.

Imani kwa mume wangu ninayo. Lakini niliona imani si kitu cha kumwachia mtoto.

Nilipolitaja tulikuwa tunakula. Aliweka kijiko chini. "Unapanga kuondoka?" Siku mbili alinisemesha kwa kupitia watoto. Mwambieni mama yenu maji yamechemka. Mwambieni baba yenu nimesikia. Nadhani wanandoa wengi wanaijua redio hiyo.

Aliyeimaliza ni mama yake. Alimwita barazani, mimi niko dirishani, na bila shaka alijua niko dirishani. Alimwambia, mwanangu, dada yangu mimi aliishi kwa mumewe miaka ishirini na mbili, akachimba kisima kwa pesa zake za makumbi (anasema zile za kufukia makumbi ya nazi pwani, kuyafukua, kuyaponda na kusokota usumba), na siku alipoachwa alitoka na sanduku la nguo na mbuzi mmoja. Kisima akakiacha. Kisha akasema: "Andikeni. Mtu akiwa mwema karatasi haimuumi."

Karatasi yetu ni kurasa mbili. Imetaja nani ametoa nini, tarehe na risiti, na kwamba nikifiwa au tukiachana chumba kile na thamani ya vile nilivyovitoa ni haki yangu na watoto. Tumesaini mbele ya sheha na mashahidi wawili, mmoja ni mjomba wa mume wangu, na huyo alitaka kujua kwa nini milango yangu ilikuwa ghali vile. Kabla yake nilizungumza na mwanasheria mwanamke, na nawashauri nanyi mfanye hivyo. ZAFELA, jumuiya ya wanasheria wanawake wa Zanzibar, kazi yao ni kuwasaidia wanawake katika mambo kama haya. Tulipotoka kwa sheha mume wangu alinyamaza mpaka tulipofika kwenye mwembe, akaniambia: "Mimi nilikuwa naogopa unaandika mwisho wetu." Nikamwambia mimi nilikuwa naogopa nikiandika au nisipoandika. Tukacheka kidogo.

Mgeni

Makunduchi kila Julai inasherehekea Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa Nairuzi. Umewaona kwenye picha wanaume wanapigana kwa magomba, wamevaa makoti na kofia za ajabu, na kibanda cha makuti kinachochomwa moto na mtu akatoka mbio ndani yake. Kinachopigwa picha kidogo ni wanawake, wanavyozunguka na kuimba wamevaa kila walicho nacho, na wanayoyaimba mengine siwezi kuyaandika kwenye gazeti la familia. Wenyeji wanasema ugomvi wa mwaka unaishia pale kwenye magomba. Na wanasema nyumba isiyo na mgeni siku ya Mwaka haina heri.

Mwaka wa kwanza, tumefika na virago bado havijafunguliwa, mgeni wa nyumba nilikuwa mimi. Kila aliyeingia alioneshwa: "Huyu ndiye mgeni wetu." Nililishwa mpaka nikaumwa.

Mwaka wa pili wifi yangu, yuleyule wa bamvua la tatu, alinikuta nimeshika ndoo kisimani. Akaniuliza: "Wifi, Mwaka huu mgeni wako nani?"

Nilisimama na ile ndoo. Nilidhani amekosea kusema. Akarudia, safari hii polepole kama anasema na mtoto: sisi tuna wageni wetu, wewe mgeni wako nani?

Nilimpigia simu mama yangu usiku uleule. Alikuja na 310, amevaa baibui jipya, na kikapu cha maembe kana kwamba Makunduchi hakuna miembe. Kabla ya salamu alilalamika kwamba gari imesimama Jozani kupisha nyani. Mama mkwe akamwambia si nyani, ni kima punju. Mama yangu akasema kwake yeye wote ni nyani. Wakaketi mkekani. Aliuliza maji ya kuogea yana chumvi kiasi gani, akauliza fundi wa nguo yuko wapi, akamwita mjukuu wake mdogo aje amsalimie. Mtoto akamjibu kwa Kikae.

"Kasema nini huyu?" mama yangu akaniuliza.

Nikamwambia. Nilikuwa nimekifahamu chote isipokuwa neno moja, na hilo mama mkwe akalimalizia.

Alikuwa amesema atakaa usiku mmoja tu. Alikaa siku tisa.